Volkano na Tabaka la Ozoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Nafundisha jiografia hapa Mombasa. Kila mwaka tukifika mada ya volkano, wanafunzi hunifuata na maswali hadi nje ya mlango wa darasa, na jioni barazani watu wazima huniuliza yaleyale kwa maneno mengine. Mengi yanazunguka jambo moja: mlima ukilipuka, ule moshi unaifanyia nini ozoni? Na kama milima ndiyo inayoiharibu, kwa nini fundi wa friji akatazwe kuachia gesi? Nimekusanya hapa yale yanayorudi sana. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache. Mengine yamechukua nafasi, maana ukiyajibu haraka utampotosha aliyeuliza.

Ozoni ni kitu gani, na iko wapi?

Ni gesi. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana, ozoni ina tatu. Takribani asilimia 90 ya ozoni yote imo ndani ya stratosfia, yaani sehemu ya anga iliyo juu ya hewa hii ya mawingu na mvua, na nyingi yake iko kati ya kilomita 15 na 35 juu ya vichwa vyetu. Neno "tabaka" humfanya mtu awaze shuka lililotandazwa angani. Sivyo ilivyo. Ozoni imetawanyika, chembe chache mno katikati ya chembe nyingi za hewa. Laiti ungeikusanya yote iliyo juu ya Mombasa ukaishusha hadi usawa wa bahari, ingepata unene wa milimita 2 na nusu hivi. Mimi huwaonyesha wanafunzi ukingo wa sarafu, kisha wananyamaza. Hizo milimita ndizo zinazotuchujia miale ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi na kuharibu macho.

Ipo pia ozoni ya huku chini, inayozaliwa pale moshi wa magari na viwanda unapokutana na jua kali. Hiyo hudhuru mapafu. Gesi ni ileile, tofauti ni mahali ilipo.

Hili joto la Februari na Machi, si kwa sababu ozoni imetoboka?

Hapana, na naomba tuliache wazo hili. Joto la mwisho wa kaskazi linaletwa na jua kupita karibu na utosi, bahari iliyokwisha kupata moto na upepo unaolegea kabla ya kusi kuingia. Ongezeko la joto la dunia nzima nalo linatokana hasa na kaboni dioksaidi na gesi nyingine zinazohifadhi joto. Miale ya urujuanimno huwezi kuihisi kama joto; unaijua ilipopita baadaye, ngozi inapowasha. Lile "shimo la ozoni", yaani mahali ozoni inapopungua sana, liko juu ya Antaktika na hufunguka kila mwaka kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba au Desemba. Halijawahi kufika juu ya Kenya.

Volkano ikilipuka, nini hasa kinafika huko juu?

Hutoka jivu, mvuke wa maji, kaboni dioksaidi, salfa dioksaidi, na kiasi cha haidrojeni kloraidi. Jivu ndilo linalopigwa picha, lakini kwa ozoni si kitu kikubwa: ni zito, na sehemu yake kubwa huanguka ndani ya siku au wiki chache. Cha kuangaliwa ni salfa dioksaidi. Ikifika stratosfia, katika muda wa wiki kadhaa hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfuriki. Huko juu hakuna mawingu ya mvua ya kuyaosha. Yakishaingia, hukaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, yakizunguka dunia nzima na upepo.

Kwa hiyo hayo matone ndiyo yanayokula ozoni?

Hayaili. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo walimu wenzangu, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Chukua nyumba ya Mji wa Kale yenye dari la boriti za mikoko. Ozoni ndiyo zile boriti. Klorini ndiyo mchwa: chembe moja ya klorini iliyo huru huvunja ozoni moja, ikatoka nzima, ikaenda kwa nyingine, na inaweza kurudia hivyo maelfu kwa maelfu ya mara kabla haijatulizwa. Klorini hii imefika juu kwa njia ya gesi tulizotengeneza wenyewe kwa ajili ya friji, viyoyozi, makopo ya kupuliza na sponji za magodoro. Lakini kwa kawaida mchwa hawa wamezuiwa. Kuna oksidi za nitrojeni angani ambazo huishika klorini na kuifunga ndani ya kemikali isiyodhuru ozoni. Hizo oksidi ndiyo dawa iliyopakwa kwenye boriti.

Sasa volkano inaleta matone yake. Juu ya uso wa matone hayo, misombo ya nitrojeni hukutana na maji, ikawa asidi ya nitriki, ikakaa hivyo. Ni kama sponji iliyonyonya dawa yote dukani. Mchwa wanabaki bila kizuizi. Na penye baridi kali, kama kwenye ncha za dunia, matone hayohayo huifungua moja kwa moja hata ile klorini iliyokwisha kufungwa.

Basi volkano haikuleta mchwa. Imewaondolea dawa mchwa ambao sisi tuliwaingiza ndani ya nyumba. Mwanafunzi akishika sentensi hiyo moja, mengine yote yaliyobaki katika ukurasa huu atayafikia mwenyewe.

Nimetumiwa ujumbe kwamba volkano moja hutoa klorini nyingi kuliko friji zote duniani. Kwa nini tulaumiwe sisi?

Ujumbe huo nimetumiwa nami, zaidi ya mara moja, na watu ninaowaheshimu. Unavutia kwa sababu nusu yake ni kweli: volkano hutoa klorini. Uongo uko kwenye safari ya kwenda juu.

Tembea Nyali au upande wa Mama Ngina uangalie vyuma vya madirisha vinavyoelekea bahari. Vimeliwa na kutu. Ile chumvi inayorushwa na mawimbi ina klorini tele, na bahari imekuwa ikiirusha tangu kabla ya binadamu kuwapo. Mbona haikumaliza ozoni? Kwa sababu chumvi inayeyuka majini. Inapanda na upepo kidogo, inakutana na unyevu, inarudi na mvua. Haidrojeni kloraidi ya volkano nayo hupenda maji vivyo hivyo. Ndani ya wingu la mlipuko mna mvuke mwingi, na sehemu kubwa ya klorini hiyo huoshwa ikarudi chini kabla haijavuka kuingia stratosfia.

Gesi za friji za zamani, zile klorofluorokaboni, haziyeyuki majini wala haziungani na kitu huku chini. Mvua haizigusi. Moja ya zile zilizotumika sana hudumu hewani kama miaka 50, nyingine kama miaka 100. Zinapanda taratibu hadi pale urujuanimno ulipo mkali wa kutosha kuzivunja, na hapo ndipo zinapoachia klorini, katikati kabisa ya ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hili mwaka 1974. Walibishiwa sana, na mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Crutzen.

Ushahidi upo pia angani kwenyewe. Klorini ya stratosfia ilipanda taratibu mwaka hadi mwaka, sambamba na utengenezaji wa gesi hizo. Haikuruka ghafla kila mlima ulipolipuka. Na ilipanda pamoja na florini, ambayo ni alama ya vidole ya gesi za viwandani. Takribani asilimia 80 ya klorini iliyoko huko imetokana na binadamu. Iliyobaki ni ya asili, nyingi yake ni gesi itokayo baharini na kwenye mimea.

Na ule mlima wa Antaktika, Erebus? Si uko chini kabisa ya shimo la ozoni?

Uko huko, na unatoa gesi kila siku. Lakini unafuka tu, haulipuki kwa nguvu ya kuitupa gesi hiyo stratosfia kwa wingi. Isitoshe ulikuwa ukifuka miaka mingi kabla shimo halijaonekana.

Pinatubo ilifanya nini hasa mwaka 1991?

Huu ndio mfano ninaoufundisha kwa muda mrefu kuliko yote, maana ni mara ya kwanza wanasayansi walikuwa na setilaiti, ndege za utafiti na nadharia iliyo tayari, kisha mlima ukawapa jaribio lenyewe.

Pinatubo uko Ufilipino, kisiwa cha Luzon. Ulikuwa umelala kwa takribani miaka 500. Mlipuko mkuu ulikuwa tarehe 15 Juni 1991, siku ileile ambayo kimbunga kilikuwa kikipita, hivyo jivu likalowa maji na kuanguka zito juu ya mapaa ya watu. Wingu lilipanda hadi kilomita 35 hivi. Salfa dioksaidi iliyoingia stratosfia ilikuwa kati ya tani milioni 15 na 20, na kwa muda wa wiki tatu hivi ilikuwa imeizunguka dunia. Mwaka uliofuata joto la wastani la dunia lilishuka kwa karibu nusu digrii, maana matone yale yalirudisha sehemu ya mwanga wa jua angani.

Upande wa ozoni, mambo mawili yalitokea, na hupenda kuyatenganisha. La kwanza lilitokea kwetu, ukanda wa ikweta. Yale matone hunyonya joto, yakaipasha hewa ya stratosfia ya chini kwa digrii 2 au 3. Hewa iliyopata moto hupanda, na ilipopanda ilivuta hewa ya chini yenye ozoni kidogo ikachukua nafasi yake. Ndani ya miezi michache ozoni ya ukanda wa tropiki ikapungua kwa asilimia kadhaa kwa sababu ya kusukumwa tu, kabla hata kemia haijafanya kazi yake.

La pili ni ile habari ya mchwa. Matone yaliposambaa kaskazini na kusini, oksidi za nitrojeni zikapungua na klorini huru ikaongezeka. Mwaka 1992 kuingia 1993, setilaiti zilipima wastani wa ozoni ya dunia ukiwa chini kwa asilimia 2 hadi 3 kuliko mwaka wowote uliopimwa tangu 1979. Katika latitudo za kati za kaskazini, penye Ulaya na Marekani, upungufu ulikuwa mkubwa kuliko huo. Kisha matone yalipoanza kushuka, ozoni nayo ikaanza kujirudisha.

Kitu kama hicho kilikuwa kimeonekana baada ya El Chichón wa Meksiko mwaka 1982, ila kwa udogo, kwa kuwa salfa yake haikufika hata nusu ya ile ya Pinatubo.

Basi Krakatoa mwaka 1883 lazima iliangamiza ozoni?

Swali zuri sana, na jibu lake hushangaza. Krakatoa, kule Indonesia, ililipuka tarehe 27 Agosti 1883. Mshindo wake ulisikika Rodrigues, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho karibu kilomita 4,800 kutoka hapo, ambako walidhani ni mizinga ya meli. Mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea kwa kuwa yamejaa vishimo vya hewa, yalisafiri juu ya maji miezi mingi hadi yakafika pwani hii ya Afrika Mashariki. Huwa nawaambia wanafunzi: wazee wa babu zenu huenda waliyaokota ufukweni bila kujua yametoka wapi.

Ila mwaka 1883 hapakuwa na gesi za friji. Nyumba haikuwa na mchwa isipokuwa wale wachache wa asili. Na kuna jambo nililoliacha makusudi hapo juu: ile dawa yenyewe, oksidi za nitrojeni, nayo ina ukali wake, hula boriti kidogo, hasa kwenye sehemu za kati za stratosfia. Kwa hiyo katika anga lisilo na klorini nyingi, matone ya salfa yakiipunguza nitrojeni, ozoni inaweza kuongezeka kidogo badala ya kupungua. Hesabu za wanakemia zinaelekea huko kwa milipuko ya zamani kama Krakatoa na Tambora ya 1815. Mlima uleule, salfa ileile, lakini matokeo yanageuka kulingana na kile tulichokwisha kukiweka angani. Mimi binafsi sijapata hoja nyingine inayoonyesha mkono wa binadamu waziwazi kama hii.

Kila mlima ukifuka moshi ni hatari kwa ozoni? Nyiragongo je? Karthala je?

Hapana. Cha kwanza ni urefu wa kurusha. Huku ikweta stratosfia inaanzia kilomita 16 au 17 juu. Kwenye ncha za dunia inaanzia kama kilomita 8 au 9. Mlima wa tropiki unahitaji nguvu kubwa zaidi kuvuka mpaka huo, lakini ukivuka, upepo wa stratosfia hubeba salfa yake kuipeleka pande zote mbili za dunia. Mlima wa kaskazini huvuka kwa urahisi zaidi, lakini matone yake hubaki upande wake na kushuka mapema.

Nyiragongo wa Kongo, uliotiririsha lava kuelekea Goma mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, ni janga kwa majirani zake. Lava yake ni nyepesi na hutiririka. Gesi yake nyingi hubaki huku chini na kuoshwa na mvua. Karthala wa Komoro ni hivyohivyo. Wengi wetu Mombasa tuna jamaa Ngazidja, na wanaokumbuka Novemba 2005 watakwambia habari ya jivu lililoingia kwenye matangi ya maji ya kunywa. Ilikuwa taabu ya kweli, ila si taabu ya ozoni. Ol Doinyo Lengai wa Tanzania nao una lava ya ajabu, iliyopoa kuliko lava zote duniani, digrii 500 hadi 600 hivi, lakini haijulikani kwa kupeleka salfa nyingi juu.

Jirani aliyefika juu ni Nabro wa Eritrea. Ulilipuka usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 2011, ukatoa zaidi ya tani milioni 1 za salfa dioksaidi, na matone yake yakaonekana stratosfia kwa miezi. Hata hivyo, weka kando ya Pinatubo: ni sehemu moja kwa kumi, au pungufu.

Kenya kwenyewe tuna volkano?

Tunazo, na watu wa Mombasa wanakunywa matunda yake. Maji ya Mzima yanayoletwa huku kwa bomba hutoka kwenye vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa. Mvua huingia kwenye miamba yao yenye vitundu, ikachujwa chini kwa chini, ikatokea Mzima. Karibu na hapo, Tsavo Magharibi, kuna lile jiwe jeusi la Shetani, lava iliyomwagika yapata karne mbili tu zilizopita. Milipuko ya namna hiyo haifiki stratosfia.

Ule mlipuko wa Tonga wa 2022 ulisemwa sana. Ulikuwa tofauti vipi?

Ulikuwa chini ya bahari, na hilo ndilo lililobadili kila kitu. Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ulilipuka tarehe 15 Januari 2022. Mdomo wake haukuwa na kina kirefu, kama mita 150 tu chini ya maji. Kina hicho kidogo kiligeuza bahari kuwa mvuke na kuutupa juu bila kuuzima. Wingu lilifika kilomita 57, juu zaidi ya stratosfia yenyewe.

Salfa yake ilikuwa kidogo, karibu tani nusu milioni. Lakini uliingiza stratosfia takribani tani milioni 150 za mvuke wa maji, ukaongeza maji ya stratosfia nzima kwa karibu asilimia 10. Stratosfia kwa kawaida ni kavu kuliko jangwa lolote. Hakuna mlipuko mwingine uliowahi kupimwa ukifanya hivyo.

Sehemu inayotuhusu sisi wa Bahari ya Hindi ni hii: wingu lilielekea magharibi, na wanasayansi wakakimbilia kisiwa cha Réunion kurusha maputo yenye vipimo. Walikuta ozoni ndani ya wingu hilo imepungua kwa kiasi cha asilimia 5 ndani ya wiki moja tu. Kemia iliyotarajiwa kuchukua miezi ilikwenda kwa siku, kwa sababu unyevu uliyavimbisha matone na kuharakisha kazi ya kuifungua klorini. Mchwa, kama mjuavyo, hupenda mbao zilizolowa.

Volkano inaweza kulipanua lile shimo la Antaktika?

Inaweza, na imewahi. Calbuco wa Chile ulilipuka Aprili 2015. Salfa yake ikasafiri kusini na kufika Antaktika kabla ya masika ya huko. Tarehe 2 Oktoba 2015 shimo lilipimwa likiwa na eneo la kilomita za mraba milioni 28.2. Bara zima la Afrika ni kama milioni 30, upate picha. Susan Solomon, mwanakemia aliyeeleza katika miaka ya 1980 jinsi mawingu ya barafu ya Antaktika yanavyoifungua klorini, alionyesha pamoja na wenzake kwamba ukubwa ule wa 2015 ulichangiwa na Calbuco, na kwamba ukiondoa mchango wa volkano, shimo lilikuwa limeanza kupona.

Watu waliposikia habari za 2015 walisema Mkataba wa Montreal, ule wa mataifa wa kuziondoa gesi zinazoharibu ozoni, umeshindwa. Haukushindwa. Ndiyo sababu naliweka swali hili hapa.

Sisi wa Mombasa tunaathirika vipi?

Tuko latitudo ya nyuzi 4 kusini. Ozoni hutengenezwa zaidi huku kwetu, kwa kuwa jua ni kali, lakini upepo wa stratosfia huichukua na kuipeleka kwenye ncha za dunia. Kwa hiyo tropiki huwa na ozoni chache kuliko Ulaya hata pasipo volkano yoyote. Jua nalo hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba. Kipimo cha urujuanimno saa sita mchana kukiwa hakuna mawingu mara nyingi hupita 11, na Shirika la Afya Duniani linahesabu 11 kwenda juu kuwa kiwango cha kupindukia.

Ozoni ikipungua kwa asilimia 1, urujuanimno unaochoma ngozi huongezeka kwa kidogo zaidi ya asilimia 1. Mlipuko mkubwa ukitupunguzia asilimia kadhaa, hutahisi tofauti siku hiyo. Ila wako ambao tayari wako ukingoni. Mvuvi anayeshinda ngalawani, ambaye jua humpiga kutoka juu na tena kutoka majini. Mama anayeuza samaki juani. Kijana wa boda, anayekaa stejini mchana kutwa. Na kwa uzito zaidi, ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakata umri mapema kwa jambo linaloweza kuzuiwa. Mtoto wa jicho nao haji kwa uzee peke yake. Urujuanimno wa miaka mingi huchangia.

Kofia pana, mikono mirefu, miwani inayozuia urujuanimno kweli na si yenye kiza tu, na kuepuka jua la saa nne hadi saa tisa: hivyo vinafaa leo, volkano ilipuke isilipuke. Buibui na kanzu vilishatufunza sehemu ya hayo. Ngozi nyeusi inasaidia dhidi ya kuungua, lakini haiyalindi macho.

Wingu la salfa likipita juu yetu nitaliona?

Unaweza kuona machweo mekundu kuliko kawaida kwa miezi, na anga la mchana lenye weupe kama maziwa. Huwezi kuona ozoni ikipungua. Hiyo inahitaji vifaa.

Nani anaipima huku kwetu?

Idara ya Hali ya Hewa, Nairobi, hurusha maputo ya kupima ozoni. Yamo katika mtandao wa vituo vya tropiki vya kusini unaoshirikisha nchi nyingi, ulioanza mwaka 1998. Malindi pia, kwenye kituo cha anga cha San Marco, maputo hayo yalirushwa kwa miaka kadhaa. Nalitaja hili kwa fahari. Vituo vya ukanda wa ikweta ni vichache, na bila maputo, mlipuko kama wa Tonga ungepita juu yetu tukabaki kutegemea setilaiti peke yake.

Nimesikia kuna wanaotaka kupuliza salfa huko juu makusudi ili dunia ipoe. Ni kweli?

Pendekezo lipo na linachunguzwa. Wanatumia Pinatubo kama kielelezo: nusu digrii ilishuka, basi tuige. Lakini mliosoma hadi hapa mnaona tatizo. Ukiweka matone ya salfa wakati klorini bado ipo, unaondoa dawa ilhali mchwa bado wamo. Tathmini za kimataifa zinasema hivyo: mpango huo ungeweza kuchelewesha kupona kwa ozoni, hasa Antaktika. Athari ya volkano hukoma baada ya miaka michache; huu ungelazimu kupulizwa kila mwaka bila kukoma. Kwa maoni yangu, nchi za ikweta zinapaswa kuwa na sauti kabla jambo hilo halijaanza, si baada.

Kama volkano haziepukiki, kwa nini fundi wa friji ahangaishwe?

Kwa sababu ni yeye na mimi tunaoweza kupunguza mchwa. Mlima hatuna amri nao.

Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, miaka miwili tu baada ya Waingereza Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin kutangaza habari za shimo la Antaktika. Aliyesukuma mazungumzo hayo ni Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, akiwa mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa ni wanachama, na sekretarieti yake iko hapohapo Nairobi. Nchi zinazoendelea ziliacha klorofluorokaboni mwaka 2010. Kilichobaki kwetu ni hasa ile inayoitwa R22, iliyo ndani ya viyoyozi vingi vya zamani. Madhara yake ni madogo kuliko ya R12, mojawapo ya zile klorofluorokaboni za friji za zamani, lakini klorini bado ina. Nchi zetu zinatakiwa kuiondoa ifikapo 2030, ikibaki kidogo tu kwa matengenezo.

Mombasa ni mlango. Friji na viyoyozi vya mitumba vinashukia bandarini, na hoteli za pwani haziishi bila kiyoyozi. Nimeshuhudia nyumbani kwangu fundi akikata bomba na kuiachia gesi yote hewani, kisha akajaza mpya, kazi ya dakika kumi. Sikumlaumu, maana hakuna aliyekuwa amemweleza, wala hakuwa na mashine ya kuinyonya gesi na kuihifadhi. Lakini gesi ile haikupotea. Kama ni R22, baadhi yake inapanda sasa hivi. Ukiita fundi, muulize kabla hajaanza: una chombo cha kukusanyia gesi? Ukinunua friji, soma kibandiko cha nyuma. R600a haina klorini kabisa, ila inashika moto, kwa hiyo inataka fundi aliyefunzwa. R134a haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana Kigali kuipunguza nayo.

Ozoni itapona lini, na Pinatubo mwingine akilipuka kesho?

Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 inatarajia ozoni kurudi kwenye hali ya 1980 kufikia karibu 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, 2045 juu ya Aktiki, na 2066 juu ya Antaktika. Hayo yanategemea watu kuendelea kuushika mkataba.

Mlima mkubwa wa tropiki ukilipuka kesho, ozoni itapungua tena kwa miaka miwili au mitatu, lakini kwa kiasi kidogo kuliko 1992, kwa kuwa klorini ya stratosfia imekuwa ikishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukilipuka mwishoni mwa karne hii, klorini ikiwa imekaribia kiwango chake cha asili, huenda ozoni ikaongezeka kidogo badala ya kupungua, kama wakati wa Krakatoa. Isipokuwa mlima huo uwe na klorini nyingi kupita kiasi, pamoja na bromini, ambayo nayo huvunja ozoni, na wenye nguvu ya kuzivusha juu kabla mvua haijazikamata. Milima ya namna hiyo ni michache, na wanasayansi bado wanaichunguza miamba yao ya kale kuitambua.